Mwalimu Nyerere na mazungumzo ya Arusha: tumpime kwa uadilifu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni za Allah Subhanahu wa Ta'ala, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu. Kila ufikapo mwezi wa Oktoba jina la Mwalimu Julius Nyerere hurudi katika majumba yetu ya visiwani. Mtoto hutoka skuli akiwa amefundishwa kuwa huyu ni Baba wa Taifa. Babu yake, aliyekaa barazani, hataki hata kulisikia jina hilo, kwa kuwa ana yake aliyoyaona. Baba wa mtoto hunyamaza asije akamuudhi mzazi wake. Mwisho mtoto hukua na Nyerere wawili: mmoja wa skuli asiye na kosa, na mmoja wa nyumbani asiye na jema. Yote mawili ni dhulma katika habari za mtu. Allah ametuamrisha katika Suratul Maida tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, na amri hiyo haikuwekewa mpaka kwa Waislamu peke yao. Kwa hivyo tumeona tuyaeleze maisha yake, tena tuyaeleze kupitia mji mmoja, Arusha. Ni katika mji huo, chini ya Mlima Meru, ambako mara kwa mara alikaa na watu wa fikra kuzungumzia siasa, uchumi na namna jamii inavyobadilika.

Kuzaliwa na masomo yake

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, karibu na Ziwa Victoria. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, kabila dogo, na mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Alianza skuli akiwa na umri wa miaka 12, akatembea safari ndefu mpaka Musoma. Akaendelea Tabora, kisha Makerere huko Uganda, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uingereza. Huko alisoma historia na uchumi, na aliporudi mwaka 1952 alikuwa Mtanganyika mwenye shahada katika wakati ambao watu wa namna hiyo walihesabika kwa vidole. Alisomesha Pugu, ndiyo maana jina la Mwalimu likamganda hadi kaburini.

Dini yake ilikuwa Ukristo wa Kikatoliki, alibatizwa akiwa kijana mwaka 1943. Tunalitaja hili mapema ili msomaji ajue tunazungumza juu ya nani. Hatumpimi kwa ibada, kwani hesabu hiyo iko kwa Mola wake. Tunampima kwa amana ya watu aliyoibeba.

Meru kabla ya Nyerere

Hapana budi kwanza tueleze lililotokea Meru, kwa sababu Nyerere alikuta njia imeshachimbwa. Upande wa kaskazini mashariki ya Mlima Meru kuna ardhi iitwayo Ngare Nanyuki. Serikali ya Kiingereza iliamua ardhi hiyo wapewe walowezi wa kizungu wafugie ng'ombe, na mwishoni mwa mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu. Nyumba zao zilichomwa moto na mifugo yao ikafukuzwa.

Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakamchagua kijana wao Kirilo Japhet, na kwa msaada wa Earle Seaton, wakili mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, wakapeleka mashtaka Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 Kirilo alisimama New York akaeleza kisa cha watu wake. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, kwani kura katika Baraza Kuu hazikutimia thuluthi mbili. Lakini Tanganyika nzima ilisikia kwamba mkulima wa kahawa na ndizi kutoka mlimani amekwenda kuusema ukoloni mbele ya dunia. Sisi tunaojua Mtume wetu (S.A.W.) alivyomuonya vikali mwenye kunyakua hata shubiri moja ya ardhi ya mwenziwe tunaelewa vyema uzito wa kisa hiki.

Nyerere alipokwenda New York mwezi wa Machi 1955 kuisemea TANU, alikuwa akifuata nyayo za Mmeru huyo.

Wazee wa Dar es Salaam

Safari hiyo nayo ilitokana na michango, na wengi wa waliochanga walikuwa Waislamu wa Dar es Salaam. Alipofika mjini na kuchaguliwa kukiongoza chama cha TAA mwaka 1953, Nyerere alikuwa mgeni. Waliompokea ni Abdulwahid Sykes na ndugu yake Ally, Dossa Aziz na wenzao, pamoja na Mkristo John Rupia. Waliomtia duani na kumpa uzito mbele ya watu ni masheikh, akiwemo Sheikh Suleiman Takadir aliyeongoza Baraza la Wazee wa TANU, na mwanachuoni mkubwa mzaliwa wa Unguja, Sheikh Hassan bin Ameir. Bibi Titi Mohamed aliwatoa majumbani maelfu ya wanawake kuingia chamani. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 mikononi mwa watu hawa.

Mazungumzo ya barazani ndiyo yaliyomfundisha siasa ya pwani: kusikiliza kwanza, kusema kwa mafumbo, kumheshimu mzee hata unapompinga. Kiswahili alichokizungumza baadaye, kilichowavutia hata mahasimu wake, sehemu yake kubwa kilipevuka hapo. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Disemba 1961 bila ya vita.

Kaloleni, Januari 1967

Miaka mitano baada ya uhuru Nyerere aliona jambo lililomtia hofu. Wale waliokuwa wakipigania uhuru pamoja na wakulima sasa walikuwa na magari, nyumba za kupangisha na mishahara miwili mitatu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga sheria ya kuwalazimisha kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwasikiliza, kisha akawafukuza mamia yao warudi makwao, na papo hapo akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe.

Tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha. Hawakukutana katika kasri. Walikaa katika jengo la ustawi wa jamii mtaa wa Kaloleni, jengo la kawaida ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na mnara wa Mwenge wa Uhuru. Nyerere alikuja na andiko lake na likajadiliwa kwa siku hizo. Tarehe 5 Februari likatangazwa kwa wananchi. Siku iliyofuata mabenki yakawa mali ya taifa, na muda mfupi baadaye makampuni makubwa ya biashara, ya bima na ya kusaga nafaka.

Azimio lilikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza ni la uchumi: kwamba nchi maskini isitegemee fedha za kukopa na kuombaomba, itegemee ardhi yake, watu wake na jasho lao. La pili ni la maadili: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, wala asiwe na nyumba ya kupangisha.

Neno alilolitumia, ujamaa, lina asili katika lugha yetu ya Kiswahili, na nyuma yake limo lile neno la Kiarabu ambalo kila mwenye kusali jamaa analijua. Hakutaka kuazima jina la Ulaya. Na katika hili la lugha tumpe haki yake. Tokea mwaka 1962 alianzisha wizara ya utamaduni, akakipa Kiswahili nafasi serikalini na katika skuli za msingi, na yeye mwenyewe akafasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Alitaka kuonesha kwamba lugha hii, ambayo sanifu yake imejengwa juu ya lahaja ya Unguja mjini, inabeba fikra yoyote nzito. Leo mtoto wa Mmeru na mtoto wa Makunduchi wanaelewana bila mkalimani.

Waliokubali na waliokataa

Azimio lilianzisha mazungumzo makubwa ambayo hayakuishia ndani ya jengo la Kaloleni. Hapa tutaje watu wanne, kila mmoja na hoja yake.

Bibi Titi alikataa sharti la nyumba. Alikuwa amejenga nyumba ya kupangisha, na kwake hiyo ilikuwa akiba ya uzeeni. Alijiuzulu uongozi wa chama. Hoja yake tusiidharau. Katika miji ya pwani na visiwani, nyumba ndogo yenye vyumba vya kupangisha ndiyo pensheni ya mama asiye na mshahara, na ndiyo urithi wa watoto wake. Sharti lililolengwa kumzuia waziri mwenye tamaa lilimkuta mama mzee pia. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Nyerere akamsamehe.

Wa pili ni mzaliwa wa visiwa hivi, Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa waziri katika serikali ya Muungano. Babu alikuwa Mmaksi, na kwa itikadi hiyo hatukubaliani naye. Lakini hoja yake ya uchumi ni ya kusikilizwa. Aliona kwamba kutaifisha maduka na mabenki hakuongezi mali ikiwa nchi bado inalima kahawa, mkonge na pamba ili kuwauzia wengine kwa bei wanayoipanga wao, kisha inanunua kwao hata vitu vidogo vya kutumia. Kwanza tujenge uwezo wa kuzalisha tunavyovihitaji, ndipo tugawane. Aliondolewa uwaziri mwaka 1972, na baada ya kuuawa Mzee Karume mwezi wa Aprili mwaka huo huo akawekwa kizuizini bara bila ya kufunguliwa mashtaka huko, hadi Aprili 1978. Kitabu kilichokusanya hoja hizo kilitoka London mwaka 1981.

Wa tatu ni Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, wa ukoo wa makadhi, aliyekuwa akisomesha Makerere. Mwaka 1967 huo huo aliandika makala akaunda neno jipya kwa ajili ya maradhi aliyoyaona kwa wasomi wa Ulaya na wa Afrika: kuipenda Tanzania kiasi cha kutoona kasoro zake. Mazrui aliiheshimu akili ya Nyerere na akaukosoa utawala wa chama kimoja.

Wa nne ni Walter Rodney wa Guyana, aliyesomesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye aliliunga mkono Azimio na alitaka liende mbali na kwa kasi zaidi. Disemba 1969 gazeti la chama lilimkemea vikali kwa maneno yake makali kuhusu mapinduzi. Hata hivyo aliachwa asomeshe hadi mwaka 1974, na kitabu chake mashuhuri juu ya Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa London na Dar es Salaam mwaka 1972.

Msomaji atazame majina haya kwa pamoja. Msomi mgeni aliyekuwa na kalamu tu alikemewa akaendelea na kazi. Mwenyeji aliyekuwa na watu nyuma yake, Bibi Titi au Babu, alifungwa. Nyerere alipenda hoja, alisoma sana, na alimsikiliza aliyemzidi elimu. Mlango ulianza kufungwa pale hoja ilipokaribia madaraka.

Mahali mazungumzo yalipokatika

Katika hili sisi Waislamu tuna kumbukumbu yetu. Disemba 1968, hata miaka miwili haijatimia tokea Azimio, serikali iliipiga marufuku East African Muslim Welfare Society, jumuiya iliyokuwa ikijenga skuli na misikiti. Badala yake ikasimama BAKWATA, iliyoanzishwa katika mkutano wa Iringa. Wapo wanaosema jumuiya ilikuwa imegawanyika yenyewe na serikali ikaingilia kuzuia fitna. Wapo wanaosema fitna hiyo ilichochewa na mkono wa serikali. Lisilo na ubishi ni kuwa Sheikh Hassan bin Ameir, yule aliyemuunga mkono Nyerere katika miaka ya shida, alikamatwa mwaka huo na kurudishwa Zanzibar, na Waislamu wa Tanzania hawakupata nafasi ya kulijadili jambo lao hadharani hadi wakaliamua wenyewe.

Halafu zikaja operesheni za vijiji, baina ya mwaka 1973 na 1976. Azimio lilitaka watu wakae pamoja kwa hiari yao. Mwisho likawa agizo lenye tarehe, na mamilioni ya wakulima wakahamishwa, baadhi yao kwa kubomolewa nyumba. Anayekijua kisa cha Ngare Nanyuki cha mwaka 1951 hawezi kulisoma hili bila ya kusikitika. Makusudio ya Mwingereza na makusudio ya Mwalimu hayakuwa sawa, kwani huyu alitaka kuwafikishia watu maji, skuli na dawa. Lakini mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa haoni makusudio, anaona nyumba.

Na visiwani, familia nyingi zilipoteza watu na mali mwaka 1964, na Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huo ukafungwa na viongozi wawili, wananchi wa pande zote mbili wakaletewa habari. Januari 1984 Rais Aboud Jumbe, ambaye alitaka muundo wa Muungano uhojiwe kwa njia ya sheria, aliitwa mbele ya kikao cha chama Dodoma chini ya uenyekiti wa Nyerere, akatoka akiwa amejiuzulu nyadhifa zote. Mzee anayenyamaza barazani anapolisikia jina la Mwalimu aghlabu ananyamazia haya. Tusimlazimishe ayasahau. Mwenye kudhulumiwa ana haki ya kusema dhulma yake.

Arusha ya jirani na Arusha ya fedha

Tuurudie mji wetu. Mwezi wa Juni 1967 Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Arusha ikawa makao makuu yake. Jumuiya hiyo iliendesha reli, bandari, posta na ndege za nchi tatu. Mwaka 1971 Idi Amin akampindua Obote, Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, na Kenya na Tanzania zikazidi kutofautiana juu ya fedha na siasa. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Namanga, barabara ile inayotoka Arusha kwenda Nairobi, ukafungwa. Ndugu wa ukoo mmoja wa Kimasai wakawa wageni wao kwa wao. Novemba 1983 Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha wakakubaliana kugawana mali na kuufungua mpaka. Ilichukua miaka sita kurudi mezani.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na mkutano ambao vijana wetu hawausikii kutajwa. Nchi ilikuwa imechoka: mafuta yamepanda bei, kahawa imeshuka, vita vya Kagera vimemaliza hazina. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani na matumizi yakatwe ndipo likopeshe. Nyerere alikataa hadharani mwanzoni mwa mwaka 1980. Kisha, kuanzia tarehe 30 Juni hadi 3 Julai mwaka huo, wachumi na viongozi kutoka nchi maskini na nchi tajiri walikusanyika Arusha kuuhoji mfumo mzima wa fedha wa dunia: kwa nini nchi chache zipange masharti ya fedha kwa dunia nzima, na kwa nini mkopeshaji awe hakimu wa siasa za mkopaji. Tamko lao liliitwa Mwito wa Arusha.

Waislamu tunayo sababu yetu ya kulitazama swali hili kwa makini, sisi ambao tumeharamishiwa riba na tumefundishwa kumpa muda mdaiwa aliyebanwa. Pamoja na hayo tuseme kweli yote: maduka ya bara na ya visiwani yalikuwa matupu, watu wakipanga foleni ya sukari na sabuni, na kosa lote halikuwa la dunia. Mashirika ya umma yaliendeshwa kwa hasara, na Babu alikuwa ameyaonya hayo. Nyerere mwenyewe, mwaka 1977, alitoa tathmini ya miaka kumi ya Azimio akakiri waziwazi kwamba nchi haikuwa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Viongozi wachache huandika kitabu cha upungufu wao wakiwa bado madarakani.

Mwaka 1985 aliondoka madarakani kwa hiari, akampisha Mzanzibari, Mzee Ali Hassan Mwinyi. Mwaka uliofuata serikali ikaafikiana na Shirika la Fedha. Februari 1991 chama kikakutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi, na watu wakayaita maamuzi hayo Azimio la Zanzibar. Nyerere alihuzunika, na hakuficha huzuni yake. Aliongoza pia Tume ya nchi za Kusini, iliyotoa ripoti yake mwaka 1990 na ambayo katibu mkuu wake alikuwa Manmohan Singh, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa India.

Meza ya Burundi

Sehemu ya mwisho ya maisha yake, na kwetu sisi ndiyo yenye funzo kubwa, ilipita Arusha. Burundi ilikuwa katika vita vya ndani tokea alipouawa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993. Nchi jirani zilimuomba Nyerere awasuluhishe. Alianza Mwanza mwaka 1996, na Juni 1998 mazungumzo makubwa yakafunguliwa Arusha, katika jengo la mikutano ambalo awali lilijengwa kwa ajili ya ile Jumuiya iliyovunjika. Katika jengo hilo hilo Mahkama ya Umoja wa Mataifa ilikuwa ikiwahukumu waliopanga mauaji ya Rwanda. Waliozungumzia amani na waliojibu mashtaka ya mauaji walikuwa chini ya paa moja.

Hapa Nyerere hakuwa na jeshi, wala gereza, wala chama. Hakuweza kumfukuza anayempinga. Baadhi ya vyama vya Burundi vilimshuku kuwa ana upande, vikasema hivyo mbele yake, naye akabaki kitini akasikiliza. Aligawa mazungumzo katika kamati: asili ya ugomvi, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi wa nchi na hatima ya wakimbizi. Aliwaachia watu waeleze historia yao kwa urefu, kwa sababu aliona kwamba ugomvi ambao wenyewe hawajakubaliana asili yake hauwezi kufungwa kwa saini. Wafadhili walilalamika kuwa anakwenda polepole na fedha zinakwisha. Kasoro ilikuwepo pia, kwamba makundi makubwa yenye silaha yalibaki nje ya meza, na vita havikusita mara moja.

Hakuuona mwisho wake. Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa maradhi ya saratani ya damu, akazikwa Butiama. Nelson Mandela aliichukua kazi, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini Arusha. Na tarehe 30 Novemba 1999, mwezi mmoja na nusu baada ya kifo chake, marais wa nchi tatu walikutana mji huo huo wakatia saini kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtu aliyetawala miaka zaidi ya ishirini hakuacha majumba wala akaunti za nje zinazojulikana. Hilo hata wapinzani wake wamemshuhudia.

Mafunzo kwa familia zetu

Kwanza, tumpe kila mtu haki yake. Uaminifu wa Nyerere katika mali ya umma ni jambo la kuigwa, na kulisema hakumaanishi kuyafuta machungu ya mwaka 1964, 1968 au 1984. Kuyasema machungu hayo nako hakuhitaji kumzulia mtu asilolifanya. Mzazi anayemsimulia mwanawe atenganishe aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyasikia.

Pili, tuzitazame meza mbili za Arusha. Mwaka 1967 fikra ilikuwa nzuri kwa sehemu yake kubwa, lakini aliyeikataa hakuwa na usalama, na hivyo makosa ya fikra ile yalichelewa kuonekana mpaka yakawa na gharama. Mwaka 1998 mwenye kiti hakuwa na nguvu ya kumuumiza yeyote, na maneno ya kweli yalisemwa. Mtume wetu (S.A.W.), naye alikuwa akiteremshiwa wahyi, aliamrishwa kushauriana na sahaba zake, na kabla ya Uhud alifuata rai ya wengi wao ya kutoka mjini. Shura bila ya usalama wa anayepinga ni kikao tu. Hili linaihusu serikali, na linaihusu kamati ya msikiti, na linamhusu baba ndani ya nyumba yake.

Tatu, suala la Azimio kuhusu kiongozi na mali halijazeeka. Unapomchagua mtu, awe wa chama chochote, muulize ana nini leo na atakuwa na nini akiondoka. Na pale tunapoweka sharti la uadilifu, tumkumbuke Bibi Titi, tusije tukamziba mwizi tukamuacha mama mzee bila ya akiba.

Nne, kwa mtoto aliyetoka skuli: mkae karibu babu yako, umuulize kwa adabu anakumbuka nini, na umuache amalize. Kisha mueleze wewe ulichosoma. Huenda msikubaliane, na hilo si lazima. Wameru, Warundi na sisi watu wa visiwa tumeonja sote machungu ya kuamuliwa mambo yetu bila ya kuulizwa. Tusiwafanyie hivyo watoto wetu katika historia yao wenyewe.

Tunamuomba Allah Subhanahu wa Ta'ala atujaalie kuwa wenye kusema haki hata kama ni juu ya nafsi zetu, awarehemu wazee wetu Waislamu waliotangulia, na aziweke nchi zetu katika amani. Wabillahi tawfiq.